Kadi Iliyosomwa kutoka Kushoto

8 Juni
Redio imetangaza kwamba msimu wa mvua umeanza leo. Goti langu lilitangaza juzi. Nina miaka themanini na saba. Daktari amesema moyo wangu umechoka, na nilipomuuliza umechoka kiasi gani, aliitazama kalenda ya ukutani badala ya kunitazama mimi. Nimeanza daftari hili kwa sababu kuna jambo moja sijawahi kulisema, na nadhani mkono ukilizoea, huenda mdomo nao ukafuata. Leo sitaliandika.

10 Juni
Daktari Otsuki Mio, mtafiti wa chuoni, amenitembelea na sinia lililofunikwa karatasi. Ndani mlikuwa na viwavi sitini wa hariri wa ukoo wa Nukazawa, walioanguliwa asubuhi hii, weusi na wembamba kama nukta za wino zilizovutwa kwa sindano. Ameniletea wanichangamshe. Chizuru, mke wa mwanangu, ndiye atakayewachumia majani ya mforosadi, na hakuulizwa.

Ukoo huu ndio ulionipa jina. Kuna ugonjwa wa viwavi unaotoka kwa mama na kuingia ndani ya yai, ukakikuta kiinitete kabla hakijaota kichwa. Viwavi wa ukoo wa Nukazawa hawaupati. Nilikaa miaka tisa nikipasua mayai siku baada ya siku ya ukuaji wao, hadi nikaona kwamba kiinitete cha ukoo huu, kinapojigeuza ndani ya yai, huviacha vimelea nje kwenye kiini cha yai, navyo hufia huko huko. Niliona kinachotokea ila sikujua kwa nini. Mio ameipata jeni yenyewe. Ana miaka thelathini na mbili, na huongea kama mtu anayekimbilia treni.

Sasa anaandika makala yake, na anataka sehemu moja ieleze ukoo ulianzaje. Aliomba kuazima kumbukumbu za zamani. Nikampa bahasha yenye orodha na kadi. Ilibidi aivute kidogo ndipo nikaiachia.

12 Juni
Chizuru hupika siku tatu kwa wiki kwenye kituo cha wazee. Leo wakati wa kula alinisimulia kuhusu bibi mmoja wa huko ambaye huwauliza watu watatu saa ngapi, na saa ya ukutani ni kubwa kama mfuniko wa sufuria. Hata tarehe kwenye pakiti ya maziwa hataki kuisoma peke yake. Nilicheka hadi nikakohoa.

14 Juni
Viwavi wameingia usingizi wa kwanza, ule wa kubadili ngozi. Mvua.

15 Juni
Mvua. Chizuru anafuta jani moja moja kwa taulo, maana jani bichi lenye maji huwaharisha. Anafuta kwa hasira. Amekuwa hivyo tangu aolewe humu, mtu wa maneno machache na milango inayofungwa kwa nguvu. Mwanangu yuko Nagoya kikazi, mimi na yeye tunabanana hapa kama vijiti viwili kwenye kikombe kimoja.

18 Juni
Mio amerudi na bahasha, akiwa na furaha. Amelinganisha orodha na kadi, amesema vinapatana kabisa, kwa hiyo hadithi imekamilika. Akanisomea alivyoandika: kwamba mwaka 1962 mayai yenye ugonjwa yalifika kwa wakulima wa kitongoji cha Nukazawa kwa sababu mkaguzi, Koyama Fusae, alishindwa kuviona vimelea kwenye hadubini, na kwamba kutokana na maafa hayo msaidizi mmoja kijana alipata viwavi waliookoka.

“Si vibaya kumtaja jina, Mwalimu? Nimeona jina lake kwenye orodha. Huko nyuma watu wa chini hawakutajwa kabisa. Nimeona ni haki atajwe.”

Haki. Alisema hivyo na uso wake mweupe usio na hila. Makala itatumwa tarehe kumi Julai. Nikamwambia aandike tu. Niliisikia sauti yangu ikisema hivyo, kama mtu aliyesikia kikohozi ndani ya nyumba tupu.

19 Juni
Mvua kutwa. Sasa niandike.

Nondo jike wa hariri huwekwa ndani ya duara kwenye kadi, akataga mayai humo. Kadi moja ina maduara ishirini na nane, saba kwa upana na manne kwenda chini. Enzi zetu maduara hayakuwa na namba. Nondo akimaliza kutaga husagwa kwenye kinu kidogo, na tone lake hutazamwa kwa hadubini. Vimelea vikiwemo, vinang'aa kama punje za mchele. Hapo mkaguzi huhesabu maduara, huandika kwenye orodha namba ya duara la mama yule, hulikata na kulichoma.

Mwaka 1961 nilikuwa na miaka thelathini, nimerudi kutoka masomoni ng'ambo, nikiwa msaidizi kwenye kituo cha mbegu za hariri ambacho leo ni uwanja wa kuegesha magari. Wakaguzi walikuwa wasichana kumi na wawili. Aliyewashinda wote kwa macho ni Koyama Fusae, miaka ishirini na mmoja. Wenzake walimtania kwamba anaweza kumwona kiroboto akikonyeza.

Mwezi wa Julai alimaliza kadi sita, akaandika orodha zake, akaomba ruhusa ya siku mbili aende harusi ya kaka yake. Kwa kawaida mkaguzi hukata mwenyewe akirudi. Mimi nilikuwa na haraka ya kupeleka kadi kwenye chumba cha baridi. Nikachukua orodha na mkasi, nikakata.

Wasichana wale walifundishwa kazi na mama zao. Walihesabu maduara kama vitabu vyetu vinavyosomwa: kuanzia juu kulia, kushuka hadi chini, kisha safu inayofuata. Hakuna aliyeliandika hilo popote, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba kuna namna nyingine. Mimi nilihesabu kama nilivyozoea kwenye vitabu vya ng'ambo, kuanzia juu kushoto kwenda kulia. Namba nne ya Fusae ni pembe ya chini kulia. Namba nne yangu iko juu, katikati. Nilichoma mayai mazima, nikaacha ya wagonjwa.

Masika ya mwaka uliofuata kadi zile zilikwenda Nukazawa, kitongoji cha nyumba kumi na moja. Kufikia usingizi wa tatu viwavi walikuwa na madoa kama waliomwagiwa pilipili manga. Walizikwa kwa chokaa. Kadi moja ilirudishwa kituoni, ikafungiwa ofisini kwa kuogopa maambukizi. Mkuu wa kituo na mimi tu ndio tulioigusa. Mkuu aliweka orodha kando yake, akahesabu kutoka kushoto, kwani naye alisoma kama mimi. Matundu yalikuwa pale pale orodha iliposema. Basi aliyekata hana kosa, akasema, aliyekagua ndiye hakuona. Fusae aliitwa. Alisema alichokiona alikiandika. Mkuu alimwambia kwamba mama wagonjwa wamepita chini ya jicho lake. Aliitazama mikono yake, akasema, “Basi sikuona.”

Akafukuzwa. Lakini kwanza ilibidi tukaombe radhi. Tulikwenda Nukazawa, mkuu, Fusae na mimi, nyumba kwa nyumba. Fusae alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo na kugusisha paji la uso chini. Mkuu alisema maneno. Mimi nilibeba masanduku ya keki za maharage, moja kwa kila nyumba.

Kwenye nyumba ya saba, mama mwenye nyumba alikuwa akimwonyesha mkuu masinia matupu kwenye rafu. Aliyahesabu kwa kidole. Alianza juu kulia, akashuka. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha safu ya pili.

Nilikuwa nimeshika masanduku matano. Nilikiona kila kitu, kadi, mkasi, orodha, wazi kama chini ya lenzi, na Fusae alikuwa bado yuko chini, nikiyaona mavumbi kwenye nywele zake. Ningeweza kusema pale. Nikatoa sanduku. Zilibaki nyumba nne, na nilibeba masanduku hadi ya mwisho.

Kwenye nyumba ya kumi na moja, nyuma ya ghala, kulikuwa na sinia lililosahauliwa. Kati ya viwavi waliokufa, thelathini na mmoja walikuwa wazima, weupe, wanakula. Niliwatia ndani ya kofia yangu. Mvua ilianza njiani, na Fusae aliishikia kofia ile mwavuli wake hadi kituo cha basi. Yeye alilowa.

Huo ndio ukoo wa Nukazawa.

20 Juni
Sikuweza kula. Chizuru amesema, “Baba, hao viwavi wanakushinda kula, na wao wamelala.”

Kwa zaidi ya nusu karne nimejifariji kwa jambo moja. Fusae alikuwa na akili. Nilijiambia kwamba atakuwa amekwishapiga hesabu, anajua, na ameamua kunidharau kimya kimya. Dharau yake niliihesabu kuwa kifungo ninachokitumikia.

22 Juni
Usingizi wa tatu. Mvua.

24 Juni
Nimemuuliza Chizuru kama watu wa kituoni wanamjua mwanamke aliyeitwa Koyama Fusae, kama yu hai. Alikuwa anakata figili. Hakuinua kichwa.

“Huyo si Bibi Horiuchi? Koyama ni jina la kwao. Nimekusimulia habari zake.”

“Zipi?”

“Yule wa saa, Baba. Anayeuliza watu watatu.”

Nilikaa pale kwenye mkeka hadi figili ikaisha na supu ikachemka. Nilikuwa nimemcheka. Lakini kilichonivunja ni kingine. Mtu anayejua kwamba alionewa haulizi watu watatu saa ngapi.

25 Juni
Mvua.

26 Juni
Mvua. Mio amepiga simu kuuliza kama jina Koyama linaandikwa sawa. Nikasema sawa.

28 Juni
Usingizi wa nne, wa mwisho. Wamesimamisha vichwa juu, hawatikisiki, kama watu walioganda kabla ya kusema neno.

30 Juni
Nimemwambia Mio. Nilimweleza kwa kadi yenyewe, nikampa kijiti cha kulia chakula ahesabie. Alihesabu kutoka kushoto hadi namba nne, akanitazama. Nikamwambia aanze juu kulia, ashuke. Kijiti kilikwenda, kikasimama kwenye pembe ya chini, kwenye duara zima lenye maganda ya mayai. Akarudia kwa namba tisa. Akarudia kwa namba kumi. Alipofika ishirini na tatu alikiweka kijiti chini polepole kama kinaweza kulipuka.

Alitaka kujua nilijua lini. Nikamwambia: nyumba ya saba.

“Nilisoma kitabu chako nikiwa na miaka kumi na sita, Mwalimu. Sura ya kwanza inasema mtafiti huandika alichokiona hata kikimwaibisha.” Alivaa viatu bila kukaa. “Niliisoma kwa sauti, mama yangu akisikiliza.”

Mwavuli wake ameusahau mlangoni.

3 Julai
Mio haji wala hapigi simu. Viwavi wako kwenye siku zao za ulafi, wanataka majani mara tano kwa siku, na mlio wa kula kwao haupambanuki na mvua ya nje. Chizuru anatoka na koti la plastiki, anarudi na matawi, anafuta, anawalisha. Leo nimemwambia aache, tuwatupe. Alinijibu huku akifuta.

“Ukuta wetu ni karatasi, Baba. Nilisikia yote uliyomwambia yule binti. Kesho kutwa niko kazini. Nitakupeleka na gari, na utamwambia Bibi Horiuchi mwenyewe. Usipokwenda nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema vizuri.”

Miaka ishirini na sita nimeishi naye nikidhani hana moyo. Sikuwahi kumtazama zaidi ya mara moja.

5 Julai
Nimekwenda.

Alikuwa amekaa dirishani akikunja taulo. Kila akimaliza moja alimpa mwenzake wa kushoto aangalie kama pembe zimekutana. Pembe zilikuwa zimekutana. Chizuru alisukuma kiti changu cha magurudumu hadi mbele yake, akabaki amesimama nyuma.

“Bi Fusae, mimi ni Shimodaira.”

“Najua. Sauti yako haijazeeka kama wewe. Umekuja kukaa hapa nawe? Chakula cha mkweo kizuri, ila chumvi anaifungia kabatini.”

Nilitoa kadi, nikaiweka magotini pake pamoja na orodha yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu alfajiri. Hayakuhitajika. Aliisogeza kadi karibu na pua, maana ana mtoto wa jicho, na kidole chake kikaenda chenyewe juu kulia, kikashuka. Kilipofika pembeni chini kilisimama.

“Hili halikukatwa.”

“Halikukatwa.”

“Nililiandika.”

“Uliliandika. Nilikata mimi, ulipokwenda harusini. Nilihesabu kutoka kushoto. Nikagundua siku ile ile tulipokwenda Nukazawa, na sikusema.”

Alirudi akahesabu tena, namba zote nne za orodha. Kisha nikafanya jambo la kipumbavu kuliko yote: nikamwambia kwamba siku zote nilidhani anajua.

“Ningejuaje? Kadi sikuonyeshwa.” Hakupaza sauti. “Mwanangu wa kwanza alipata homa akiwa na miaka mitatu. Nilishika kipimajoto nikaona arobaini. Nikajiambia, nani anasema? Yule aliyeua viwavi wa nyumba kumi na moja? Nikatoka kumtafuta jirani aje asome yeye. Jirani alikuwa shambani. Nilimngoja.” Alinyoosha pembe ya taulo iliyokuwa imenyooka. “Alipona. Ila masikio hayakurudi.”

Sikujua. Namwandikia Mungu, au yeyote atakayelisoma daftari hili: sikujua. Nilidhani nimemwibia mshahara na heshima. Kumbe nilimchukulia macho, akaishi nayo usoni bila kuyatumia.

“Yalikuwa mazima,” alisema, na hakuwa akisema nami. “Na sasa yana ukungu.”

Baadaye akamwambia Chizuru, “Mwondoe baba mkwe wako. Hapa kuna upepo.”

6 Julai
Viwavi wameanza kusokota vifukofuko. Sikulala, na sasa siwezi kushika kalamu vizuri.

10 Julai
Mio amekuja kuchukua mwavuli. Ndivyo alivyosema. Kisha akatoa karatasi. Ameandika upya: kwamba mkaguzi Koyama Fusae aliwatambua wagonjwa wote bila kukosea, kwamba msaidizi Shimodaira Kyosuke alisoma kadi kinyume na desturi ya wakaguzi, akalijua kosa lake, akalificha. Nikaweka muhuri wangu chini. Alipouliza kama nataka neno lolote libadilishwe, nilimwomba jina la Fusae litangulie langu. Akasema limekwishatangulia.

13 Julai
Chizuru amerudi na ujumbe kutoka kwa Bibi Horiuchi, ameukariri neno kwa neno ndani ya gari: “Mwambie nyumba kumi na moja. Safari hii masanduku nabeba mimi.”

15 Julai
Nukazawa, mvua nyembamba. Chizuru aliendesha. Fusae alikaa mbele, masanduku kumi na moja ya keki za maharage mapajani, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Nyumba mbili tu ndizo zenye watu. Kwenye ya kwanza alitoka mzee mmoja aliyekuwa mtoto mwaka ule. Chizuru alinishika kwapani, nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti kwenye sakafu ya udongo na kugusisha paji la uso. Udongo ulikuwa baridi na ulinuka moshi wa zamani. Nilisema nilichokifanya. Mzee akasema baba yake alimtukana msichana yule siku ile, tena matusi ya nguoni, na kwamba hadi kufa hakujua alimtukana asiyestahili. Alimgeukia Fusae, akainama mara mbili.

Fusae akatoa sanduku.

Kwenye ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Nyumba nyingine tisa zimefungwa, moja imeanguka paa. Nilifikiri tutapita. “Shuka,” alisema. Nikapiga magoti mbele ya milango iliyopigiliwa misumari, nikasema yale yale kwa mbao. Kwenye nyumba ya saba moyo ulikataa na Chizuru akataka tuache. Nilimwomba aninyanyue. Kati ya watu wote, si mimi ninayeruhusiwa kuishia nyumba ya saba.

Fusae alisimama nyuma yangu kila mara, akisubiri zamu yake ya kutoa sanduku. Nilipoteleza kwenye ngazi ya nyumba ya kumi na moja nilihisi mvua imekoma kichwani. Haikuwa imekoma. Alikuwa amenifunika kwa mwavuli. Nilipotaka kushukuru, alisema, “Usiseme kitu. Ni mkono tu umezoea.”

17 Julai
Kitandani. Daktari ameitazama kalenda tena.

21 Julai
Nondo wametoka kwenye vifukofuko, weupe, wazito, mabawa yanapapatika bila kuruka. Mio alikuja na kadi mpya na pete za bati za kumfungia kila jike ndani ya duara lake. Chizuru alimleta Fusae bila kuniuliza. Walikaa watatu kando ya godoro langu. Fusae hakunisamehe, na hakusema kwamba hatanisamehe. Alisema kadi imekaa kombo.

Mio alimweleza kwamba kadi za siku hizi zinahitaji namba, kompyuta ndivyo inavyotaka, na kwamba angependa yeye aziandike, kwa hesabu yake. Fusae aliipokea kalamu, akaisogeza kadi hadi karibu iguse kope. Akaanza juu kulia. Moja. Mbili. Aliandika polepole sana, akishuka, akipanda kwenye safu inayofuata. Namba nne aliiandika pembeni chini, kubwa kuliko nyingine.

Alipofika ishirini na nane alifunika kalamu, akaiweka kadi chini. Chizuru alikuwa tayari ameinama ili aiangalie, kama kawaida. Fusae hakumpa. Hakumuuliza mtu.